Mizinga Kumi na Mmoja ya Baba Yetu Sebahire

Mwaka umetimia, baba, tangu ulipofumba macho tarehe 9 Juni, nasi tuna neno ambalo mwaka mzima limetukaa kooni. Majirani wote wa Chonyonyo wanalijua. Wewe ndiye hujaambiwa.

Ulianza na mizinga miwili ya magogo nyuma ya nyumba, kati ya migomba na mibuni, watu wakakucheka kwamba Sebahire anafuga wadudu. Ukafikisha kumi na mmoja. Asali hiyo ndiyo iliyoezeka nyumba yetu kwa bati, ikatusomesha mimi na Adelard, na mama hakuwahi kukosa dawa zake za presha. Mwenye mtoto wa kikohozi hakutoka kwako mikono mitupu.

Ulivaa koti la mvua na kipande cha chandarua usoni, ukaongea na nyuki Kinyarwanda kwa sauti ya chini. Sisi wanao tulipata makaripio. Maneno matamu yote waliyapata wao. Tulikuwa tunawaonea wivu, baba, kweli.

Kila palipotokea ugeni mkubwa nyumbani, uliamka alfajiri kabla nyuki hawajatoka, ukaziba milango ya mizinga kwa majani mabichi, ukiacha upenyo wa hewa. Wageni wakiondoka, unafungua. "Nyuki hapendi kelele wala moshi," ulisema. Kazi hiyo ulinifundisha mimi, Costansia, binti yako wa kwanza. Siku ya mazishi yako sikuifanya. Alfajiri hiyo nilikuwa nagombana na shangazi zangu juu ya rangi ya vitenge vya sare.

Moshi wa mafiga ulipotanda na kwaya ilipoanza, nyuki wakatoka. Katekista alikimbilia migombani na kitabu chake, kwaya ikatawanyika. Jeneza lako likabaki peke yake uani, nyuki wakizunguka juu yake, na sisi wanao tukikuchungulia dirishani. Nilitamani ardhi inimeze.

Jua lilipopoa tukakuzika harakaharaka, kama watu wanaoficha kitu. Ndipo baba mdogo Elpidius akasema, "Nyuki wasiomheshimu marehemu ni nyuki gani hawa? Choma!" Yakaletwa majani makavu ya migomba. Aliyetoa kiberiti ni mtu uliyempa asali ya mwanawe msimu uliotangulia. Jina lake silitaji, analijua mwenyewe. Mama alimshika mkono baba mdogo: "Shemeji, hilo ndilo shamba langu nililoachiwa." Hakusikilizwa. Nami mwenye kosa nilinyamaza, maana mizinga ikishaungua, nani angeuliza kwa nini haikuzibwa?

Ulizoea kutuambia, fuata nyuki ule asali. Asali tulikula, baba. Nyuki tukawachoma.

Shabani wa dukani Kayanga bado ananiuliza, "Dada, wateja wa Murongo wanataka asali ya Mzee, niwajibu nini?" Mama anakata ndizi zisizokomaa auze apate dawa. Alipougua kifua tulimnunulia asali ya chupa. Akaonja, akasema hii ni sukari, akaimwaga mlangoni.

Mwezi wa tatu mwaka huu kundi la nyuki lilikuja likatua kwenye mbuni ulio kando ya kaburi lako. Mama akatoka bila viatu. "Costansia, leta mzinga! Leta mzinga!" Nikasimama tu. Nyumba ya Sebahire haikuwa na hata mzinga mmoja. Adelard akapanda bodaboda kwenda kuutafuta, akarudi nao kesho yake mchana. Nyuki walikuwa wameondoka asubuhi.

Mzinga huo tumeuweka hapo hapo karibu nawe. Kila siku mama anakwenda, anainama, anautegea sikio. Kisha anarudi jikoni.

Unakumbukwa na mkeo Gloriose, wanao Costansia na Adelard, dada zako, wajukuu, na mdogo wako Elpidius, ambaye ameomba jina lake liandikwe. Tumeliandika.

Daima tutakukumbuka, baba. Kusamehewa hatuombi hapa gazetini. Tunakuja kukuomba hapo kaburini, kwa sauti ya chini, jinsi ulivyopenda.