Tatu Mbili na Safari ya Mahagi

Jumapili, Bunia. Mvua inapiga mabati tangu tulipotoka misa, mtaa wetu wa Mudzipela wote ni matope, na mimi nina furaha mpaka naona aibu.

Nimeshinda. Noeli tunaenda Mahagi!

Mimi nilitaka Noeli kwa mama yangu, Mahagi, kwa sababu hajamshika bado binti yangu Divine. Anamwona kwenye simu tu. Mume wangu Jules alitaka kwa wazazi wake, Gety. Tulibishana mpaka shemeji Patrick, mdogo wake Jules aliyetufundisha poka, akachoka.

"Muache makelele," alisema. "Muchezee maharagi. Wa kumaliza maharagi ya mwenzake njo atachagua." Kwetu maharagwe ndiyo pesa za poka.

Udhaifu wangu ni jozi ndogo. Nikipewa karata mbili zinazofanana, hata zikiwa ndogo namna gani, naona nimeshapata mchumba. Mezani zinashuka karata kubwa kubwa, na mimi bado nang'ang'ana. Patrick hunicheka: "Paire ya kidogo ni ya kusalimia, shemeki, haiko ya kuoa." Yaani ingia kwa bei ndogo, tazama karata za kwanza zinazofunuliwa mezani. Ya kufanana na zako isipokuja, aga uende zako. Ikija, nyamaza.

Kunyamaza ndiko kunakonishinda. Nikishika karata nzuri, naanza kuimba Utukufu, ule wimbo wa shangwe wa misa, chini chini bila kujua. Mimi ni alto kwenye kwaya, Jules ni besi. Akinisikia tu, anatupa karata zake na kukimbia.

Leo nilipata tatu mbili. Nikaingia kwa haragwe moja, kwa adabu. Mezani zikafunuliwa mfalme, tisa, na tatu nyingine. Yangu hiyo! Koo likaanza kuniwasha. Basi nikaimba, ila si Utukufu. Niliimba Bwana Utuhurumie, polepole, kwa sauti ya Kwaresima. Mungu anisamehe, na padri asisome blogu hii.

Jules alinitazama kwa huruma. Yeye alikuwa na mfalme mkononi, wa kufanana na yule wa mezani, akaona inatosha. Akasukuma maharagwe yake yote.

"Mama Divine, usilie. Gety iko muzuri pia."

Nikamfuata. Karata zilizobaki hazikumsaidia. Nikafunua zangu, maharagwe yake yote yakawa yangu. Patrick alicheka mpaka Divine akaamka.

"Mupaka misa unaingiza mu karata!" Jules akapiga kelele.

Nilidhani atanuna. Kumbe alichukua simu kabla yangu akampigia mama yangu. "Mama, Noeli tutakuja, kama njia iko salama. Tutamuleta Divine." Mama alipiga vigelegele mpaka Jules akaiondoa simu sikioni, anacheka, macho yamemlowa.

Hapo moyo wangu ukalegea. Wazazi wake nao hawajamshika huyu mtoto, na wao pia wanamwona kwenye simu.

Noeli inayofuata ni Gety. Nimeamua mwenyewe, bila karata.

Ila nitamwambia kesho. Leo acha nishangilie.