Bwana wa Koti Kwenye Kitambaa cha Kochi

Mpendwa shangazi mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana Jumapili ndiyo mshenga, Mzee Semboja, anakuja kuchukua jibu, na jibu ninalo lakini kila nikijaribu kulisema naona nitaonekana mwongo au nimechanganyikiwa.

Mimi ni binti wa Kwamndolwa, hapa Korogwe, nashona nguo. Marehemu baba yangu, Mzee Mhina, ujanani alikuwa akizunguka na gari la sinema kwenye mashamba ya mkonge, wanafunga shuka kubwa jeupe kwenye nguzo mbili, watu wanakaa chini na watoto wao, na yeye anasimama pembeni na kipaza sauti anawaeleza kwa Kiswahili kinachosemwa, sinema ya Kihindi anaeleza, ya Kizungu anaeleza, na shangazi, baba yangu Kihindi hakukijua hata cha kuombea maji. Sinema zile mimi sikuziona. Nilizisikia kwake tukipukuchua mahindi, yule bwana wa koti anayesimama kwenye mvua akimngoja mpenzi wake, yule bibi anayeshuka ngazi na taa mkononi bila kusema neno, yule mpanda farasi aliyepotelea jangwani kofia ikabaki, mpaka nikawa nawaona hata niko kwenye cherehani, wanapita, wanarudi, wananitazama, sijui nikuelezeje, na majina yao baba alikuwa ameshayasahau. Siku moja nikampata yule wa koti kwenye simu, kumbe wala hamngoji mtu, anangoja benki ifunguliwe akaibe! Nilicheka mpaka nikalia. Nikaizima, nikabaki na wa baba.

Baba alifariki mwaka juzi, na alichoniachia ni lile shuka. Nilikuwa nalitandaza sakafuni nalala juu yake mchana nafikiria nyuso zote zilizowahi kupita pale. Nikakumbuka Mwalimu Rhoda alivyotufundisha haiku, ushairi wa Wajapani, mistari mitatu tu, mizani tano, saba, tano, unasema kitu kimoja unanyamaza. Nikalikata shuka nikafanya vitambaa vya makochi, nikatarizi humo, kila mwigizaji na haiku yake, maana shairi la kwetu la beti na beti lisingeenea. Cha bwana wa koti kinasema:

*Mvua yanyesha,*
*koti lako lalowa,*
*nami nangoja.*

Cha bibi wa taa:

*Ngazi na taa,*
*ashuka bila neno.*
*Mkonge kimya.*

Na cha mpanda farasi:

*Kofia chini,*
*farasi akungoja,*
*hujarudi tu.*

Sasa shangazi, nimechumbiwa na Twaha wa Kwedizinga, kule Handeni, mkulima, mpole, si msemaji. Mahari imeshapokelewa, ndoa ni baada ya mavuno. Kwetu binti akikaribia kuolewa anapeleka vitambaa kwa wakwe, sebule ipambwe kwa kazi ya mkono wake, na mimi sikuwa na kizuri kupita hivyo, nikavifua, nikavipiga pasi, nikavituma. Wiki haikuisha vikarudi kwenye kikapu kilekile, vimekunjwa vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza, vilivyokunjwa vizuri. Mama mkwe, Bi Zamda, amewaambia wenzake kwamba neno la mwanamke kwenye kitambaa ni sawa na neno la kanga, lazima lina mwenyewe. Akauliza, "Huyu wa koti ni nani? Kwa joto hili, nani anavaa koti kama si walimu wa kule Bungu kwenye baridi? Na farasi, kwetu huku farasi ni nini kama si bodaboda?" Basi ikaamuliwa kwamba nina mabwana wawili, mwalimu na dereva wa bodaboda, na yule bibi wa taa ni mganga wangu, na Jumapili mshenga anatumwa kuja kuuliza kama ni kweli.

Twaha alikuja mwenyewe, na mimi nikamwekea kikapu mbele, maana ningesema nini, kwamba ninayemngoja ni mtu wa kwenye shuka? Alikipapasa kile kitambaa cha koti kwa kidole, herufi kwa herufi, akauliza swali moja tu, "Na changu kiko wapi?" Nikadhani ananitania, nikamwambia, "Kwani wewe mwigizaji?" Akavaa viatu akaenda zake. Na kusema kweli nimewahi kujaribu kumtungia, haiji, hana koti wala farasi, ni Twaha tu, yule aliyekuja masika mvua inamwagika, amejifunika kiroba cha mbolea kichwani, amemletea mama mahindi ya kuchoma kwa sababu alisikia anayatamani, amesimama mlangoni anatiririka maji, anacheka, hataki kuingia asije akachafua sakafu, mpaka nikampa taulo.

Mama anasema nivichome vyote mbele ya mshenga yaishe. Nikivichoma naona namzika baba mara ya pili, nisipovichoma nampoteza Twaha, na Twaha nampenda, shangazi, nampenda sana. Kimebaki kipande kimoja cha shuka, cheupe, sijui hata nikifanyie nini. Nisaidie.

Yusra, Kwamndolwa

Shangazi Hosiana anajibu:

Marahaba, Yusra. Pole kwa kufiwa na mzazi. Barua yako nimeisoma chai ikapoa, nikamwona baba yako amesimama pale na kipaza sauti anawatungia watu maneno ya Kihindi, Mungu amlaze pema. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Bi Zamda usimnunie. Unampelekea mama mkwe kitambaa kilichoandikwa "nami nangoja", halafu unategemea akitandike aketi anywe chai? Mimi ningekirudisha, na kikapu ningebaki nacho. Shairi la kwetu limezoea kusema limetungwa na nani na linamwendea nani. La kwako limesema kitu kimoja likanyamaza, na wewe unajua watu wa kwetu, penye kimya wanajaza wenyewe. Hata baba yako si ndivyo alivyofanya?

Lakini hilo ni dogo. Mimi hunijui wala sikujui, na umenieleza habari za shuka, za mkonge, za mahindi mliyopukuchua. Twaha umemweleza lini? Nimetafuta kwenye barua sijapaona. Na sikiliza alichokuuliza. Hakuuliza mwalimu ni nani, wala bodaboda ni ya nani. Ameuliza chake kiko wapi. Mwenye wivu haulizi hivyo, mwanangu. Huyo ameona unavyojua kumtazama mtu, akatamani na yeye atazamwe. Nawe ukamjibu kwani yeye mwigizaji! Ulimi huo, Yusra, utakuponza.

Usichome kitu. Mama mwambie Hosiana amekataa. Mzee Semboja akija, mpokee kwa heshima, umwombe akawaite Twaha na mama yake waje kwenu kula. Tandika vitambaa vyote kwenye makochi, washibe kwanza, halafu simama pembeni kama alivyosimama baba yako, uwaeleze mmoja mmoja, bwana wa koti, bibi wa taa, na yule wa farasi. Na ya benki usiiache, Bi Zamda akicheka umeshapona nusu. Akikipenda kimoja, mpe. Ukilia katikati, lia, hakuna aliyekufa kwa kumlilia baba yake mbele ya wakwe.

Nimalizie na hicho kipande cheupe. Unasema hukijui cha kukifanyia, na mistari michache tu juu yake umeniandikia mwanaume amesimama mlangoni kwenye mvua, kiroba kichwani, anacheka, ametoka Kwedizinga kwa ajili ya mama yako. Mtoto wewe! Bwana wa koti kwenye sinema alikuwa mwizi, umeniambia mwenyewe. Anayesimama kwenye mvua kwa ajili ya mpenzi wake alikuwa kichwani mwa baba yako tu, mpaka masika haya alipokuja mlangoni kwenu, nawe ukampa taulo.

Kitarizi kabla ya Jumapili. Jina litangulie, mama mkwe asipate la kuuliza. Mstari wa kwanza nakupa, mizani tano nimezihesabu kwa vidole, mingine miwili tunga mwenyewe:

*Twaha mvuani*