Ulitutumia Papa Gani?

Kamalondo, Élisabethville

Mdogo wangu Salimu,

Amani iwe nyumbani kwako. Kabla ya lolote, kifua chako kimepoa? Na macho ya dada yetu Mwanaidi, bado yanatunga sindano? Sisi tu wazima, ila baridi ya huku inauma, hata cherehani yangu huamka ikinung'unika.

Papa mkavu uliyetutumia kutoka Kilwa alifika salama. Tulimweka kwa siku ya posa ya binti yangu Zuhura. Mchumba ni kijana wa Maniema, na kwao posa haikubaliki mpaka baba wa kijana ale chakula cha nyumba ya msichana. Tukampika kwa karanga. Baba huyo, Mzee Ramazani, akanawa, akamega bukari, ule ugali wa huku, kisha akasita.

"Hii samaki iko ya wapi?"

"Ya baharini, mzee mwenzangu. Ni papa."

"Inakulaka bantu?"

Wanijua, ualimu haujanitoka. Badala ya kumuuliza kwa nini ataka kujua kama samaki huyu hula watu, nikaanza somo: papa wa pwani yetu si wa aina moja. Yuko potwe mwenye madoadoa, mkubwa kuliko mtumbwi, naye hula vijidudu vya maji tu. Papa usingizi hushinda amelala mchangani. Papa nyundo ana macho pembeni mwa kichwa. Wa kuogopwa hasa ni papa chui.

Mke wangu akasema nyuma ya pazia, "Baba Zuhura, bukari inapoa, nawe umefungua madrasa!"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

"Mukubwa wangu, ndugu wa tumbo moja, alikamatwa na mamba ku Lualaba. Hatukuzika kitu. Nyama yenye kula muntu iko kaburi. Sisi hatukulaka kaburi."

Nikaacha somo. Zuhura alikuwa mlangoni na birika la maji, hamtazami mtu.

Kisha mzee akauliza kwa upole, "Hii ya mu sahani iko gani?"

Sikujua. Kipande kikavu hakina kichwa wala pezi. Ningesema papa usingizi, asiyedhuru mtu, posa ingekubaliwa palepale, lakini huenda ningemdanganya. Nikasema nitamuuliza mdogo wangu aliyemkausha. Akanawa mkono, akasema atangoja.

Basi niandikie, wala usinitafutie jibu zuri. Kama ni papa chui, sema chui. Tutachinja kuku na kuanza upya, akikubali. Binti yangu ndiye atakayeishi na watu wale.

Nisalimie dada Mwanaidi, shemeji mke wako, na mjomba mwadhini.

Zuhura anakuamkia. Amesimama hapa begani kwangu, ananiomba niongeze: "Baba mdogo, kumbuka vizuri."

Kaka yako,
Abdala, fundi cherehani