Saa tatu ya kwetu

Jumatano, mchana. Upepo, vumbi, na foleni ya malori imefika hadi karibu na kona yetu. Mwanangu Upendo amelala. Nguo zake ziko kwenye beseni na sina mpango nazo.

Nimechoka, lakini uchovu naujua. Hiki kilichonikaa kifuani tangu asubuhi si uchovu.

Niandike tangu mwanzo, labda nitaelewa.

Marehemu baba alituachia karakana, mimi na kaka Ezekia. Ndani yake kuna mashine kubwa ya kuranda, ile unayoingiza ubao huku ukatokea kule umelainika na unene umelingana. Baba aliinunua kwa Mzambia, ng'ambo pale Nakonde. Kibati cha vipimo kilishafutika zamani, kwa hiyo tunapima kwa gurudumu la kupandishia meza. Ukilizungusha meza inapanda, ubao unasogelea visu. Alama ikiwa juu kabisa tunasema saa sita, kama mishale ya saa.

Shida ni saa tatu. Sisi tukisema saa tatu, mshale mfupi uko kushoto, kwenye tisa. Yule Mzambia akisema saa tatu, mshale uko kulia, kwenye tatu. Siku ya kwanza baba aliharibu ubao kwa ajili hiyo, akacheka hadi akakaa chini. Tangu hapo nyumbani kwetu kuna saa tatu mbili. Ya Nakonde ni robo mzunguko, visu vinakula kidogo, ni ya mbao ngumu. Ya kwetu ni robo tatu ya mzunguko, ni ya paini laini, na hata hiyo uwe na moyo.

Hakuna mtu mwingine Tunduma anayeuliza, "Saa tatu ipi?" Ni sisi tu.

Jana tulikuwa na mninga, mbao ngumu. Milango ya mzee mmoja wa Vwawa, na mzee mwenyewe alikuwa amesimama pale, mikono nyuma, anaangalia. Kaka alikuwa amefunga visu vipya asubuhi, mimi bado namnyonyesha mtoto. Akaniita nipitishe ubao wa kwanza.

Nikauliza, "Kaka, saa tatu ya kwetu au ya Nakonde?"

"Ya kwetu, Mama Upendo. Meza nimeishusha sana nilipofunga visu. Hapo ndipo itaanza kugusa."

Nikazungusha. Sikupima. Aliyefunga visu ni kaka yangu, nipime nini?

Mashine ilinguruma kama ng'ombe aliyekabwa. Ubao ukakwama katikati, nyuzi zikang'oka vipande vipande, kisu kimoja kipya kikamegeka. Nikazima swichi.

Mzee akauliza, "Nini tena?"

Kaka akanitazama mimi, si yeye. "Nilikwambia ya Nakonde, dada. Mninga huu! Ona sasa." Kisha akamgeukia mzee kwa sauti ya upole: "Utusamehe baba. Huyu bado ni mzazi, kichwa hakijatulia."

Mzee akasema mama akae nyumbani kwanza alee, kazi haikimbii. Wakacheka kidogo, wanaume wawili.

Na mimi, niseme ukweli, nilijitilia shaka. Usiku silali vizuri. Chumvi naiweka kwenye chai. Labda nilisikia vibaya? Nikaomba radhi. Nilimwomba radhi kaka yangu mbele ya mteja!

Leo asubuhi mama amepiga simu kutoka Nanyala, amefurahi.

"Kaka yako ana moyo, mwanangu. Tangu Jumapili kanisani aliniambia utapumzika, kuna kijana atashika mashine. Mdogo wake wifi yako, yule Fadhili. Ameshaanza?"

Tangu Jumapili.

Ubao umeharibika jana, Jumanne.

Nilimwambia mama mtoto analia, na mtoto alikuwa anacheka.

Nikambeba mgongoni, nikaenda. Fadhili alikuwepo kweli, amevaa aproni yangu, anafagia maranda. Kaka ametoka kutafuta kisu. Nikazima umeme ukutani, nikarudisha gurudumu saa sita, nikasukuma kipande cha mninga chini ya roli, zile za kuvuta ubao. Kama meza ingekuwa imeshushwa sana, kipande kingepita bila kugusa chochote. Hakikupita. Meza ilikuwa palepale pa siku zote.

Fadhili akaniuliza, "Shikamoo dada, kuna kitu kimeharibika?"

Nikamwambia marahaba, hakuna. Kijana hana kosa. Ameitwa kazini, amekuja.

Angeniambia tu. "Mdogo wangu, wifi yako ananisumbua, ndugu yake hana kazi." Tungegombana, tungenuniana, tungekula ugali. Ningempa Fadhili nafasi ya kupiga msasa, kazi ipo. Lakini kaka alichukua neno letu, neno la kucheka na baba, akausukuma nalo mkono wangu kwenye visu.

Jana ubao ungeweza kunirudia tumboni. Sijui kama alilifikiria hilo.

Nimemwomba mama apande gari aje kesho. Sitaki ugomvi wa simu. Nitasema mbele yake na kaka, bila kulia, na aproni nitaivua mwilini mwa Fadhili kwa mkono wangu nimpe nyingine. Kaka akikiri, tutafanya kazi. Asipokiri, tutafanya kazi vilevile, karakana ni yetu sote.

Ila kuanzia kesho, hata akisema ameshapima, nitapima tena.

Na hilo ndilo linaloniliza.