Mti Ulioitwa Jean-Luc

Baba Elyse mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Kakuma. Tunaendelea, ila bomba linatoa maji asubuhi tu. Paa ulilolifunga kabla ya kurudi kazini Lodwar bado limeshika.

Mwalimu Ekal aliwafundisha akina Elyse jinsi sisi watu tunavyoimaliza miti. Akampa kila mtoto mche autunze na kuupa jina. Wenzake waliipa yao majina ya wachezaji wa mpira. Binti yako aliuita wake Jean-Luc, kama mdogo wake tuliyemzika.

Mimi sikujua. Juzi alianguka kwenye foleni ya uji, midomo imepasuka. Kumbe maji ninayomfungia ya kunywa, yote anaumwagilia huo mti. Hata mwalimu alishtuka.

"Mama Elyse, niliwaambia watunze miti, sikuwaambia wakauke wao."

Nilimkataza Elyse, akanijibu, "Mama, Jean-Luc alikufa na kiu." Unajua mwenyewe, mtoto alihara mpaka akatutoka, na dumu lilikuwa tupu.

Jana nilikwenda naye shuleni, nikaung'oa ule mti mbele yake. Hakulia. Aliuliza tutamzika wapi. Nikamwambia huo ni mti, na mti hauzikwi. Nyumbani niliuvunja, nikautia motoni chini ya sufuria. Ulikuwa mbichi, ukatoa moshi tu. Nikamsimamia mpaka akamaliza uji.

Ukipiga simu, usimwulize habari za shule. Mwulize kama amekunywa maji.

Ni mimi mkeo,
Béatrice