Waifai Imefika Chumbani kwa Mama

Nyakunguru, Tarime
14 Juni 2021

Mpendwa kaka Heche,

Shikamoo. Habari za Eldoret na baridi yake? Wifi Christina na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, ila mama ni mgonjwa na sitakuficha kitu. Barua hii anakuletea Amos, mtoto wa shangazi. Nimemwonya asiiache kwa jirani, akupe mkononi.

Mama alianguka bafuni akavunjika nyonga. Daktari anataka kumpasua wiki hii, maana akiendelea kulala hivi tutampoteza. Amekataa katakata, akataka arudishwe nyumbani, tukamrudisha. Anasema baba hayupo, kwa hiyo mwenye neno ni mtoto wa kwanza. Mpaka akuone kwenye simu na akusikie ukimruhusu, hatoki kitandani. Mama unamjua, habishaniki.

Tena anaamini kabisa kwamba huwa unapiga, ila kuta za baba zinakuzuia. Na kuta zenyewe hujaziona, kaka! Dhahabu ilipokolea huku baba aliogopa majambazi, akajenga kwa mawe na zege, hata za ndani. Ukivuka mlango wa chumba cha mama, simu inakufa.

Tukamwita Athanas, mume wa mdogo wetu Agustina, fundi mitandao pale Nyamisangura. Lakini mkwe ataingiaje chumba cha mama mkwe? Alisimama nje ya dirisha, kageuza mgongo, ananipigia kelele nifanye hiki nifanye kile. Mimi kile kifaa cha kuongezea waifai nikakiweka pembeni ya kitanda, nikidhani karibu na mgonjwa ndiyo vizuri. Taa nyekundu tu! Tuligombana dirishani mchana kutwa, na mama anakohoa katikati yetu. Kile kikohozi kilinitisha, kaka, si cha kawaida.

Mwishowe Athanas akauliza nimekiweka wapi. Nilipomwambia, alishika kichwa. "Aa, shemeji! Hicho nacho lazima kipate mtandao ndipo kigawe. Humo ndani kitaupata wapi?"

Tukakihamishia koridoni, wapi! Tukajaribu kutoboa ukuta, drili ikakwaruza jiwe tu. Basi akapanda darini, akaishia juu ya korido asipite juu ya mama mkwe, akausukuma waya wa mtandao kutoka sebuleni kwa fito hadi juu ya chumba. Nikaupokea chumbani, nikauchomeka kwenye kifaa. Taa ikawa kijani, nikalia kama mtoto.

Tangu jana mama ameweka simu kifuani, amejifunga kitambaa chake kipya kichwani. Ikilia tu anauliza, "Ni mura wangu, kijana wangu?" Namwambia bado. Hali chakula sawasawa.

Kaka, jumbe zangu zote za simu umezisoma, nimeona, ila hujajibu. Najua baba aliuza duara, lile shimo la dhahabu mlilochimba pamoja, bila kukuuliza, na nyumba hii imetoka humo. Hasira yako ni ya haki. Lakini baba yuko kaburini, na mama hakuuza kitu.

Agustina, Athanas na shangazi wanakusalimu sana. Nibusie watoto. Mungu alinde nyumba yako na akulainishe moyo.

Ukimaliza kusoma, piga hapohapo, Amos akiwa bado mlangoni. Mpaka jana nilikuwa namwitikia mama kwamba ni ukuta. Leo amenitazama machoni akauliza, "Rhobi, sasa kinachomzuia ni nini?"

Dada yako anayekupenda bado,
Rhobi