Kibali cha Dume Mmoja

Jordbro, Stockholm
12 Mei 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kifua kilinikohoza majira yote ya baridi, sasa ndiyo kimetulia. Mama hajambo? Na goti lake je?

Baba, leo nina habari ya kukufurahisha. Thomas, yule Mswidi ninayepakia naye mizigo ghalani, ni mwindaji. Kikosi chao kina watu kumi na wawili, na kila mwaka serikali huwapa kibali cha dume mmoja tu mkubwa wa älg, mnyama mrefu kuliko pofu wa mbugani kwetu, pembe zake pana kama koleo. Mgeni anaruhusiwa mmoja, naye hupatikana kwa kura. Miaka mitatu nimewaswagia wanyama bila bunduki, na miaka yote mitatu kura ikanipita. Safari hii Thomas alichomoa karatasi kofiani akasoma jina langu, akanikumbatia mbele ya wenzake wote. Nitawinda kwa karatasi yenye mhuri, Baba. Hakuna atakayenifunga.

Nifundishe. Nilikuwa mdogo ulipokwenda gerezani, na uliporudi hukutaka tena kusema habari za porini.

Mwanao,
Wambura

*

Mugumu, Mara
16 Juni 1974

Mwanangu Wambura,

Marahaba. Huku wazima kiasi. Mama yako anachechemea, lakini mdomo wake hauchechemei. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, nimeupata kwenye kisomo cha jioni. Ukishindwa kusoma mahali, laumu uzee.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mimi walinifunga miaka miwili kwa nyumbu mmoja, katika ardhi alimowinda baba yangu kabla haijaitwa hifadhi. Tangu siku hiyo nawatazama wanyama kwa mbali kama mali ya jirani. Ukimwangusha huyo dume kwa kibali nitatembea wima hapa kijijini, sikufichi.

Anza sasa hivi. Usimtafute mnyama, tafuta kazi zake: anakokunywa, anakolala, anakojisugua. Shika kinyesi chake ujue kama bado kina joto. Jua saa zake kuliko unavyozijua za mwajiri wako.

Baba yako,
Mashauri

*

Jordbro
8 Septemba 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo nyingi, na Mama mpe zake. Mwili wote hauna neno isipokuwa miguu, maana kila Jumapili niko msituni badala ya kanisani. Hilo usimwambie Mama.

Nimempata! Alama za kwato zake ni ndefu kuliko kiganja changu. Juzi nilikuta misonobari michanga imechunwa magome, na ile ngozi laini inayofunika pembe inaning'inia matawini, bado ina damu. Kisha nikamwona mwenyewe akivuka kinamasi, taratibu, kama mwenye nyumba. Nilihesabu ncha kumi na sita za pembe zake. Nikacheka peke yangu.

Kuna sheria moja inanisumbua. Hapa kila mwindaji huwekwa kituoni pake, na haondoki hadi baragumu lilie, hata kama amemjeruhi mnyama. Kila mtu anajua mwenzake alipo, ndiyo maana wanapiga risasi bila wasiwasi. Mnyama aliyejeruhiwa hufuatwa baadaye kwa mbwa. Wewe unasemaje?

Mwanao,
Wambura

*

Mugumu
22 Septemba 1974

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama, mvua tu imekataa.

Nasema hao wanawinda kama makarani. Kwetu aliyemtoa mnyama damu humfuata papo hapo, peke yake, mpaka amalize alichoanza. Kumwacha ateseke huku umekaa unangoja baragumu ni aibu. Siku niliposita mimi, baba yangu alinichapa mbele ya watu. Usiniletee aibu hiyo huko ugenini. Ukimjeruhi, mfuate.

Baba yako,
Mashauri

*

Jordbro
30 Oktoba 1974

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Dume alianguka tarehe kumi na nne asubuhi. Nimechoka, nitaandika siku nyingine.

Wambura

*

Mugumu
24 Novemba 1974

Mwanangu, mwindaji!

Marahaba, marahaba tena! Homa niliyokuwa nayo imeondoka siku ileile barua ilipofika. Mama yako amepika pombe, wamekuja hata wale walionicheka nikitoka gerezani. Nimewasomea mistari yako mitatu mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo. Lakini umenipunja, bwana. Alianguka palepale au ulimfuata? Niambie hatua kwa hatua.

Baba yako anayejivuna,
Mashauri

*

Mugumu
19 Januari 1975

Mwanangu,

Wewe ni mzima kweli? Miezi inapita. Wenzangu wananiuliza habari ya yule dume, nimebaki kutunga. Mama yako ameanza kuota ndoto mbaya na kunilaumu mimi. Kama unaumwa, sema.

Baba yako,
Mashauri

*

Jordbro
9 Februari 1975

Baba,

Shikamoo. Siumwi.

Uliuliza kama nilimfuata. Nilimfuata. Risasi yangu ilimpata tumboni, akaingia vichakani. Baragumu halikulia. Nilikaa kama dakika mbili, nikakumbuka barua yako, nikaondoka kituoni. Nilifuata damu hatua mia tatu hivi, nikamwona kati ya misonobari, nikapiga mara mbili. Ya pili ilimwangusha. Ya kwanza ilimkosa, ikaenda hadi kituo cha Thomas nyuma ya vichaka. Alikuwa amekaa kwenye gogo, palepale alipowekwa. Mtu wa kituo cha jirani anasema alimsikia Thomas akiita kuuliza ni nani anayetembea. Mimi sikusikia kitu, nilikuwa namsikia dume tu. Tulipomfikia Thomas alikuwa ameshakufa.

Polisi waliniuliza nani alinifundisha kuondoka kituoni. Nikasema hakuna. Mahakama imenipa kifungo cha nje, kwa hiyo niko huru, na kila siku napakia mizigo na mtu mwingine. Mama yake Thomas, Adelina, anakaa ng'ambo ya reli. Hakuwa na mtoto mwingine.

Je, umetembea wima, Baba? Nilifanya ulivyoniambia.

Wambura

*

Jordbro
27 Aprili 1975

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui kama u mzima, kwa kuwa wiki kumi na moja hujajibu.

Lile nililoandika mwishoni nilikosea. Bunduki nilishika mimi, na sheria niliijua. Nimekukosea wewe pia. Naogopa usije ukafa na maneno yale moyoni. Niandikie hata mstari mmoja, hata kama ni wa kunilaani.

Mwanao,
Wambura

*

Mugumu
25 Mei 1975

Mwanangu Wambura,

Marahaba. Mimi si mzima, chakula hakipiti. Mama yako yuko, tunaongea kidogo.

Sikunyamaza kwa hasira. Ni kwa aibu, maana ulisema kweli. Uliniandikia sheria ukaniuliza, nami nikaifanyia mzaha.

Kwetu aliyeua bila kukusudia hupelekwa na baba yake kwa wafiwa, na baba ndiye anayesema. Siwezi kufika huko. Kwa hiyo chukua maneno haya, umsomee mama huyo kwa lugha yake, ukiwa umesimama:

"Mama wa Thomas. Mimi ni Mashauri, baba wa aliyemuua mwanao. Ni mimi niliyemwambia aondoke mahali alipowekwa. Kosa ni langu. Sina cha kukurudishia. Nakuinamia."

Usipunguze neno.

Baba yako,
Mashauri

*

Jordbro
22 Juni 1975

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuomba ule, hata uji.

Nimekwenda. Mara mbili nilifika mlangoni nikarudi. Mara ya tatu alinifungulia kabla sijabisha, nadhani alikuwa akiniona dirishani siku zote. Nilisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye kosa lako nilikosea neno, nikaanza upya. Alisikiliza ameshika mgongo wa kiti. Akauliza una miaka mingapi. Nikasema sabini, au karibu.

Kisha akasema, nami nimeyaandika kama alivyoyasema:

"Mwambie mzee hivi. Thomas alijua kuna mtu anatembea. Angeweza kulala chini, angeweza kukimbia. Mimi ndiye niliyemfundisha, tangu akiwa na miaka tisa, kwamba mtu haondoki kituoni pake hata iweje."

Alinifungulia mlango nikatoka. Hakunipa mkono. Sijui kama huo ni msamaha, Baba. Nimekuletea tu maneno yake kama yalivyo.

Mwanao,
Wambura